Tahadhari: Picha Zikipotea Baada ya Kuhamia Linux, Funga Upakiaji Kwanza

Kama umehamisha tovuti au mfumo wa ofisi kutoka kompyuta ya Windows kwenda seva ya Linux siku hizi chache, na baadhi ya picha zimegeuka vijisanduku vitupu, usianze kuzirekebisha. Funga kwanza upakiaji wa faili mpya. Ondoa fomu, weka tangazo la matengenezo, au zima mfumo mzima kwa saa mbili. Njia yoyote itafaa mradi hakuna faili mpya inayoingia. Wateja watalalamika na bosi atapiga simu. Heri malalamiko ya saa mbili kuliko kuwapigia wateja mmoja mmoja kuwaomba watume tena vitambulisho vyao.

Nasema hivyo kwa sababu wengi huichukulia picha isiyoonekana kama kasoro ya sura tu, jambo la kusubiri mpaka fundi apate nafasi. Lakini msimbo unaoshindwa kuifikia picha ya zamani mara nyingi ndio uleule unaoamua picha mpya iwekwe wapi. Picha ya zamani ina nakala kwenye mashine mliyotoka. Risiti iliyopakiwa leo saa nne asubuhi haina nakala nyingine popote, na kama imeandikwa pasipo pake, kila saa inayopita inaongeza nyingine juu yake.

Chukua mfumo wa kawaida kabisa wa PHP, uliojengwa kwa XAMPP ndani ya Windows, kwenye folda ya `C:\xampp\htdocs\duka`. Aliyeujenga aliandika njia za faili kwa mkwaju wa nyuma, yaani `\`, kama alivyozoea kuuona kwenye kompyuta yake. Faili ikipakiwa, programu inachukua folda ya mradi, inaongeza `\uploads\`, kisha jina la faili. Windows inaelewa: ingia kwenye folda ya uploads, weka risiti humo. Linux haisomi hivyo. Kwake, alama inayotenganisha folda ni moja tu, mkwaju wa mbele, `/`. Mkwaju wa nyuma ni herufi halali ndani ya jina la faili, sawa na a au b. Ukiiambia iandike `/home/duka/public_html\uploads\risiti.jpg`, itaingia `/home/duka` na kutengeneza humo faili moja yenye jina la ajabu, `public_html\uploads\risiti.jpg`. Faili hiyo iko nje kabisa ya folda ya tovuti.

Na hakuna kosa linaloripotiwa. Kwenye seva nyingi za kukodi kwa pamoja, PHP huendeshwa kwa jina la mwenye akaunti, kwa hiyo ina ruhusa zote za kuandika hapo. Amri ya `move_uploaded_file` inajibu kwamba imefanikiwa. Hifadhidata inapata rekodi mpya. Mteja anaarifiwa kwamba faili yake imepokelewa, na kweli imepokelewa, ila hakuna anayejua iko wapi.

Kivinjari nacho kinasaidia kuficha. Chrome, Firefox na Safari zikikuta mkwaju wa nyuma kwenye anwani ya picha, zinaugeuza kuwa wa mbele bila kumwambia mtu. Maana yake ni kwamba picha za zamani, zilizohamishwa pamoja na folda ya uploads, zinaweza kuonekana vizuri ingawa njia zake kwenye hifadhidata zimeandikwa kwa mtindo wa Windows. Timu inafungua ukurasa, inaona picha zote ziko mahali pake, inapongezana na kwenda nyumbani. Kumbe seva yenyewe haina huruma ya kivinjari. Programu inapotaka kuifungua picha hiyohiyo kwa ajili ya ankara ya PDF, au kutengeneza kijipicha kidogo, au kuiambatisha kwenye barua pepe, Linux inatafuta faili yenye mikwaju ya nyuma ndani ya jina na haiipati. Kwa hiyo ukiona picha iko kwenye ukurasa lakini haimo kwenye PDF, usilaumu maktaba ya PDF. Ukiona za zamani zipo na mpya hazipo, basi uko katikati ya tatizo lenyewe.

Baya zaidi linakuja baadaye. Nakala rudufu ya kila usiku huwa imeelekezwa kwenye `public_html`, au kwenye folda ya uploads peke yake. Faili zilizoangukia nje ya hapo hazinakiliwi. Zile zilizoangukia ndani ya folda ya msimbo zitafutwa siku utakapoweka toleo jipya la mfumo kwa kubadilisha folda nzima. Hapo ndipo picha zinapotea kweli, na siku hiyo hakuna atakayeihusisha na uhamisho uliofanyika mwezi uliopita.

Ili kujua kama umeathirika, ingia kwenye seva kwa teminali, nenda ngazi moja juu ya folda ya tovuti, andika `find . -name '*\\*'`. Amri hiyo haibadilishi kitu. Inaorodhesha tu kila faili yenye mkwaju wa nyuma ndani ya jina. Isipotoa mstari wowote, shukuru, endelea na ukaguzi mwingine. Ikitoa mistari, usifute hata mmoja. Hizo ndizo faili za wateja. Nakili zote pembeni kwanza, kisha zihamishe kwenye folda ya uploads, kila moja kwa jina lililo baada ya mkwaju wa mwisho, kwa `mv -n`, ambayo inakataa kuandika juu ya faili iliyopo tayari.

Ugomvi huu wa mikwaju ni wa kale. Unix ilikuwa inatumia `/` tangu mwanzo wa miaka ya 1970. MS-DOS ilipopata folda katika toleo la 2.0 mwaka 1983, mkwaju wa mbele ulikuwa umeshatumika kwa kazi nyingine, kuonyesha vigezo vya amri, ndipo ukachaguliwa wa nyuma. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado tunalipia uamuzi huo. Jambo la kutia hasira ni kwamba ndani ya programu Windows inaukubali mkwaju wa mbele bila shida. Ungeandika `/` kila mahali tangu siku ya kwanza, mfumo ungefanya kazi pande zote mbili.

Mtego wa pili ni herufi kubwa na ndogo. Kwa kawaida Windows inayaona majina `Nembo.PNG` na `nembo.png` kuwa ya faili moja. Linux inaona faili mbili tofauti. Kamera nyingi na baadhi ya simu hutoa majina kama IMG_0412.JPG, mtu anaandika `.jpg` kwenye msimbo, na mambo yanakwenda miaka mitatu bila tatizo mpaka siku ya kuhama. Wenye Mac nao wasicheke: macOS, isipokuwa mtu ameipanga diski yake vingine, haitofautishi herufi kubwa na ndogo.

Hapa dawa ya haraka ina hila yake. Unabadilisha jina la faili kwenye kompyuta yako kutoka `Nembo.PNG` kuwa `nembo.png`, unatuma mabadiliko kwa Git, na seva inabaki na jina la zamani. Git kwenye Windows na Mac huwa imewekwa ipuuze tofauti ya ukubwa wa herufi, kwa hiyo haikuona kwamba kuna kilichobadilika. Tumia `git mv`, halafu uangalie kwenye seva kwa macho yako, kwa `ls`, jina limekuwaje.

Lakini anayetoka Windows kwenda Linux ana nafuu kidogo: faili zake zipo, majina ndiyo hayapatani. Anayekwenda upande wa pili, kutoka Linux kwenda Windows au Mac, anaweza kupoteza data palepale. Seva ya Linux ikiwa na `Juma.jpg` na `juma.jpg`, za watu wawili, na ukazifungua kutoka kwenye zipu ndani ya Windows, haziwezi kukaa pamoja. Baadhi ya programu zitakuuliza la kufanya, na mtu aliyechoka atabonyeza kukubali kwa faili zote. Nyingine zitaandika moja juu ya nyenzake bila kuuliza. Nukta mbili nazo ni balaa. Linux inaruhusu jina kama `risiti-10:30.jpg`. Programu inayojiandikia faili moja kwa moja kwenye diski ya NTFS kwa jina hilo itakuachia faili inayoitwa `risiti-10` yenye ukubwa wa sifuri, na picha yenyewe itaingia kwenye sehemu iliyofichika ambayo dirisha la kawaida la folda halionyeshi. Ukiinakili kwenye fleshi, inabaki nyuma.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna letu. Muuza mifugo anaipa picha jina `ng'ombe.jpg`, na kapostrofi hako kanavunja tagi yoyote ya picha iliyofungwa kwa alama moja ya nukuu. Simu nayo huweza kukageuza kuwa kale kalikopinda, jina likapita kwenye zipu iliyotengenezwa na programu ya zamani, likatokea upande wa pili limejaa alama zisizosomeka. Mfumo wa kuaminika haumwachii mtumiaji jina la faili: unahifadhi kwa namba au msimbo wake wenyewe, na jina alilolitoa mtumiaji linabaki kwenye hifadhidata kama maelezo tu.

Kwa wanaotumia Laravel kuna dalili inayofanana na ile ya mikwaju lakini chanzo chake ni kingine. Folda ya `public/storage` kwa kawaida si folda halisi, ni kiungo kinachoelekeza `storage/app/public`. Ukiubana mradi kwa zipu ndani ya Windows, kiungo hicho huweza kugeuka folda halisi yenye nakala za picha zilizokuwepo siku hiyo. Kwenye seva mpya picha zote za zamani zitaonekana, kutoka kwenye nakala. Mpya zitaingia kwenye folda halali ambayo ukurasa hauisomi. Linganisha folda hizo mbili kabla ya kuifuta ile ya `public/storage`, ndipo uendeshe `php artisan storage:link`.

Sasa nije kwenye ushahidi wa uongo, kwa sababu ndio unaofanya watu watangaze ushindi mapema. Hifadhidata nyingi zilizotoka XAMPP zina anwani kamili za `http://localhost/duka/...`. Aliyejenga mfumo anafungua tovuti mpya kwenye kompyuta yake na picha zinaonekana. Zinaonekana kwa sababu XAMPP bado inaendeshwa kwenye kompyuta hiyohiyo, na kivinjari kinachota picha kutoka humo, si kutoka kwenye seva. Kila mtu mwingine duniani anaona vijisanduku. Wengine wanasaidiwa na akiba ya kivinjari. Kipimo cha haki ni simu ya mtu ambaye hajawahi kuifungua tovuti hiyo, kwa bando lake, si kwa Wi-Fi ya ofisi.

Usiamini pia jibu la seva la namba 200, yaani 'sawa', peke yake. Mifumo mingi ya kisasa imepangwa ili ombi lolote lisilo na faili lipelekwe kwenye ukurasa mkuu. Picha haipo, seva inajibu 200, chombo cha ufuatiliaji kinawasha taa ya kijani, na kilichotumwa ni ukurasa wa HTML. Angalia aina ya kilichorudishwa: kama si `image/jpeg` au nduguye, hiyo si picha.

Namba nyingine zinasema kweli zaidi, na kuzichanganya ndiko kunakozaa kosa kubwa kuliko yote. 404 maana yake seva haikuikuta faili kwa jina hilo: rudi kwenye mikwaju na herufi. 403 maana yake seva imekataa kuitoa, na mara nyingi ni suala la ruhusa. Watu hawatofautishi. Wanaona picha hazionekani, wanatafuta msaada, wanaambiwa wapige `chmod -R 777`, wanapiga kwenye mradi mzima. Kama tatizo lilikuwa 404, hakuna kinachobadilika, ila sasa mlango uko wazi. Kama lilikuwa 403, picha zinaonekana, watu wanafurahi, na mlango uko wazi vilevile.

777 ni ruhusa kwa kila mtumiaji na kila programu iliyomo kwenye seva hiyo kusoma, kuandika juu na kufuta faili zako. Tundu dogo kwenye kiendelezi kimoja, ambalo lingemwezesha mvamizi kuharibu folda moja, sasa linampa `index.php` na faili yenye nenosiri la hifadhidata. Kwenye baadhi ya seva za kukodi, PHP hukataa kabisa kuendesha faili ambayo kila mtu anaweza kuiandika, na badala ya picha kukosekana tovuti nzima inajibu 500. Na kama folda hiyo ina picha za vitambulisho, hili si la fundi tena. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inampa mdhibiti wa data saa 72 kumtaarifu Kamishna wa Data pale taarifa zilizofikiwa na asiyehusika zinapoweza kuwadhuru wenye taarifa hizo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Ruhusa za kawaida ni 755 kwa folda na 644 kwa faili. Folda ya uploads peke yake ndiyo imilikiwe na mtumiaji anayeendesha PHP, ambaye kwenye Ubuntu huwa `www-data`, na humo zuia kabisa uendeshaji wa faili za PHP. Kama bado unapata 403, piga `namei -l` pamoja na njia nzima ya picha. Itakuonyesha ruhusa za kila folda kutoka mzizi hadi faili, na mara nyingi kizuizi kiko juu, si kwenye picha. Kuanzia Ubuntu 21.04 folda za watumiaji ndani ya `/home` hutengenezwa kwa ruhusa ya 750, kwa hiyo tovuti uliyoiweka humo seva ya wavuti haiwezi hata kuifikia. Kwenye AlmaLinux, Rocky na ndugu zao wa Red Hat, ruhusa zote zinaweza kuwa sahihi na bado ukakataliwa: SELinux inaangalia lebo ya faili, na faili iliyohamishwa kwa `mv` kutoka `/home` hubaki na lebo ya zamani. `restorecon -R` kwenye folda ya tovuti huirekebisha. Kuzima SELinux na kusahau kuiwasha ni 777 kwa jina lingine.

Kosa la mwisho la haraka ni kufungua faili ya SQL kwenye kihariri cha maandishi na kubadilisha `http://localhost/duka` kuwa anwani mpya kila inapotokea. Kwa mfumo mdogo uliojijengea mwenyewe, huenda ukapona. Kwa WordPress, hapana. Mipangilio yake mingi huhifadhiwa kama maandishi ya PHP yanayotaja urefu wake: anwani hiyo ina herufi 21 na namba 21 imeandikwa mbele yake. Ukibadilisha anwani bila kubadilisha namba, PHP inashindwa kusoma fungu zima, na vipengele vya ukurasa wa mwanzo vinatoweka. Tumia `wp search-replace`, ambayo huhesabu upya urefu, na uanze na `--dry-run` uone itagusa nini. Kwa jedwali lako mwenyewe, geuza mikwaju kwenye safu ya njia ya picha tu, si kwenye hifadhidata nzima, na uwe na nakala mkononi.

Msimbo urekebishwe kabla ya data. Anayesafisha hifadhidata huku programu ikiendelea kuandika njia mbovu atasafisha tena kesho, na kesho kutwa atakuwa na rekodi za mitindo mitatu ndani ya jedwali moja. Rekebisha msimbo, pakia faili moja ya majaribio, iangalie kwa `ls` kwamba imekaa ndani ya uploads, ndipo ugeukie rekodi. Baada ya hapo andika programu fupi inayosoma kila njia kwenye hifadhidata na kuuliza kwa `file_exists` kama faili ipo. Iendeshe kwenye Linux yenyewe. Ukiiendesha kwenye Windows itakujibu ndiyo hata pale herufi hazilingani.

Wenye biashara, zahanati na shule wasiojua lolote kati ya haya wanaweza kumwomba fundi kitu kimoja kabla ya kumlipa fungu la mwisho: idadi ya faili kwenye folda ya picha ya zamani na idadi kwenye mpya, pamoja na orodha ya rekodi zisizo na faili. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Mpaka hesabu zilingane na orodha iwe tupu, msikubali mtu afute diski ya mashine mliyohama. Kama ni seva ya kukodi na mwezi unaisha, lipieni mwezi mmoja zaidi.